Siku Tuliyoizamia Chatu

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nimezaliwa na kukulia Kanyenye, hapa Tabora, na maji mengi niliyoyazoea utotoni yalikuwa ya pipa. Kwa hiyo ukiniuliza nilikuwa natafuta nini chini ya Ziwa Tanganyika, nimefungwa mtungi wa hewa mgongoni na Mzaramo ananiburuta kwa mkono, nitakwambia bila kuficha: nilikwenda kutetea neno langu.

Chatu ilikuwa boti ya doria ya jeshi la majini, ndefu kama mabasi mawili yaliyofuatana. Ilizeeka, ikaegeshwa Kigoma miaka mingi inaliwa na kutu, mpaka mradi mmoja wa uvuvi ulipoiomba. Walitaka kuizamisha mbele ya kijiji cha Kasanzu, kusini kidogo ya Ujiji, iwe nyumba ya samaki. Kabla ya kuzamishwa ilibidi isafishwe mafuta yote na itobolewe milango. Fundi waliyempata kule akaugua, wakanipigia simu, nikapanda treni na mitungi yangu ya gesi. Babu zetu waliikanyaga njia hiyo hiyo kwa miguu, mizigo mabegani, mpaka Ujiji. Mimi niliisinzia kwenye behewa, nikaamshwa Uvinza na wauza chumvi.

Wataalamu wa mradi walitaka milango mikubwa kila chumba. Nikawaambia hapana. Mjomba wangu Luhende wa Kigwa ni mrina asali, na nimetundika naye mizinga tangu sijaota meno ya ukubwani. Nyuki humpi ukumbi. Nyuki unampa chumba chenye giza na tundu dogo analoweza kulilinda, halafu unaondoka zako, mwenyewe anakuja. Nikasema chumba cha mbele tukiache kimefungwa, tukitoboe mlango mmoja tu, upana wa beseni la kufulia. Tulibishana siku nzima. Mimi nikibishana sauti yangu inafika stesheni, basi wakakubali ili masikio yao yapumzike.

Kisha watu wa Kasanzu wakaitisha mkutano. Waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza, kwa nini wafungiwe kuvua mahali pazuri namna ile kwa ajili ya chuma chakavu. Wataalamu wakaanza kuchambua makaratasi. Mimi uvumilivu ukanishinda, nikasimama. "Kuhe wataingia mle ndani na watazaa," nikasema. "Wasipozaa, njooni mniulize mimi, Tunu binti Mustafa." Kuhe ndiye samaki mkubwa kuliko wengi wa ziwa lile na mtamu kupindukia, na wazee wa pale walikuwa wakimsimulia kama mtu aliyehama. Watu wakatazamana, wakakubali kulifunga eneo miaka miwili.

Miaka miwili ikaisha, na kweli wakaja kuniuliza.

Aliyepiga simu ni mama Marcelina, mwenyekiti wa kijiji. Nilikuwa nachomelea geti la mtu. Nikavua miwani, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wapiga mbizi wa mradi wanasema wameona visamaki vya rangi tu, vile vya kutazama. Kuhe hakuna. Na Revocatus amesema kama hakuna kuhe, nyavu zinaingia. Mkutano ni mwisho wa mwezi ujao."

Revocatus nilimkumbuka. Alikuwa na nyavu nyingi kuliko mtu yeyote pale kijijini, na siku ile niliyotoa ahadi ndiye pekee ambaye hakupiga makofi.

"Chumba cha mbele wamekiangalia, mama?"

"Wanasema ni giza na mlango ni mdogo."

"Basi nakuja. Na nitaingia majini mwenyewe."

"Tunu, wewe unajua kuogelea?"

"Nitajua," nikasema, nikarudi kwenye geti la watu.

Aliyenifundisha ni Maua. Huyu alikuwa mpiga mbizi aliyeletwa na mradi kutoka Dar es Salaam, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba zege. Bahari aliijua kama jikoni kwake. Ziwa alikuwa bado analizoea. Siku ya kwanza aliniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Akashika kiuno, akacheka mpaka akainama.

"Kumbe mpagazi wangu huyu! Sisi Wazaramo tumekusubirini pwani karne nzima. Haya, chukua mtungi huu, na ule, na ule kule."

"Nyinyi Wazaramo," nikamjibu, "tulifika kwenu na kiu mkatubania maji ya kisima. Leo mmehamia kwenye hewa."

Basi ikawa hivyo asubuhi na jioni. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Akikwambia umekufa, unamuuliza mazishi saa ngapi. Nilijifunza kuogelea huku natukanwa, nikajifunza kupumua kwa mdomo huku natukanwa, na sijawahi kuwa na mwalimu mzuri kama yule.

Tatizo lilianzia chini ya maji. Kule hakuna kusema, kuna ishara za mikono. Ngumi ni simama. Kiganja kupita kooni ni hewa imekwisha. Maua akaongeza ya kwake: viganja viwili vinavyofunguka na kufumba, maana yake mamba. Mara ya kwanza alipoifanya nilikimbia mpaka pumzi ikanitoka, nikageuka nikamkuta anacheka mapovu. Mara ya pili nikakimbia tena, mjinga ni mimi. Kuanzia hapo kila akinionyesha mamba, au ngumi, au chochote ambacho hakikumo kwenye somo la siku ile, nilimjibu kwa ishara moja ya Kanyenye ambayo sitaieleza hapa.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumapili. Ilipangwa tuzame asubuhi watu wakiwa misani, halafu tuje ufukweni kutoa majibu. Revocatus alikataa tutumie boti ya mradi. Alisema atatupeleka kwa boti yake, akae juu, aone kwa macho yake tunachoshuka nacho na tunachopanda nacho. Mradi ukatupa kamera moja, ile ya kuvaa kwenye mkono. Nikaifunga mwenyewe.

Njia nzima Maua hakunyamaza. "Mzee Revocatus, tukirudi wawili, kuhe hawapo. Nikirudi peke yangu, ujue wapo na wameshiba Mnyamwezi."

"Mzee," nikasema, "huyu akikwambia maji yamelowa, yaguse kwanza."

Revocatus alikuwa mtu mrefu, uso wake haukutikisika. Alizima mashine penye boya la kuonyesha ilipo Chatu. "Leteni picha," akasema. "Maneno mnayo ya kutosha."

Tukajitupa.

Jamani, nisikilizeni. Nimeona Tabora ikinyeshewa mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, nimeona dada yangu akijifungua mapacha, lakini furaha iliyonishika pale sikuwahi kuijua. Maji ya ziwa lile ni maangavu mno. Tulishuka tukifuata kamba, masikio yakabana, nikabana pua nikapuliza kama nilivyofundishwa, yakafunguka. Halafu chini kule kukatokea kivuli kirefu cha kijani. Kivuli kikapata pua. Pua ikapata matundu, na matundu yale niliyafahamu moja baada ya jingine kwa sababu niliyakata kwa mkono wangu. Lile la ubavuni limepinda. Hapo gesi iliniishia nikamalizia kwa hasira. Sasa kwenye ule upinde kulikuwa na visamaki vya njano na buluu vinaingia na kutoka, vimeifanya aibu yangu ukumbi wa harusi. Nilipiga kelele. Chini ya maji kelele ni mapovu tu, lakini nilipiga.

Mwili mzima wa Chatu ulikuwa umeota ukoga laini. Kaa wadogo walitembea kwenye ngazi ambayo askari walikuwa wakiikimbia. Nilitaka kugusa kila kitu. Maua akanigonga begani, akanionyesha kipimo cha hewa: tusipoteze muda. Tukaenda mbele.

Mlango wangu ulikuwa pale pale, duara la upana wa beseni, na ndani giza tupu. Miaka miwili, kijiji kizima, na jina la Mustafa wa Kanyenye, vyote vilikuwa nyuma ya tundu lile. Nikawasha tochi. Nikageuka kumtazama Maua aliyekuwa pembeni, anachungulia kwa tundu jingine dogo la bomba. Akanyoosha ngumi. Simama. Halafu viganja viwili: funga, fungua, funga, fungua. Mamba.

Mamba gani, ndani ya chumba chenye mlango wa beseni! Nikampa ishara yangu ya Kanyenye, nikaingiza mkono wenye kamera, nikaingiza na kichwa.

Sikuona kitu kikija. Nilisikia tu kishindo usoni, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa gari kwa nguvu yeye akiwa amesimama karibu. Barakoa ikajaa maji. Kile cha kupumulia kikanichomoka mdomoni. Kamera ikakwama ukingoni, ukanda ukakatika, nikaisikia ikigonga chuma mle ndani. Na mimi, niliyekuwa sijui kuogelea mwezi uliopita, nikajikuta siogopi hata kidogo, nina hasira tu. Nikapapasa mpira, nikaurudisha mdomoni, nikavuta, nikaishika barakoa nikapuliza kwa pua mpaka maji yakatoka. Nikafungua macho.

Kuhe alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa mrefu kama mkono wangu mzima, mwenye rangi ya dhahabu na mabaka meusi. Mdomo wazi, mapezi wazi, ananitazama kwa jicho moja. Nikamtukana ndani ya mpira matusi yote niliyoyajua, huku nacheka, huku machozi yananitoka ndani ya barakoa. Kuhe yupo! Nikamsogelea kumulika, akanipiga tena, begani. Nikarudi nyuma; hakunifuata. Na hapo tochi ilipomwangaza vizuri ndipo nilipoona kitu kilichonivunja nguvu. Kichwa kilikuwa kikubwa, lakini mwili nyuma yake ulikuwa umekwisha. Tumbo limeingia ndani, mgongo umechongoka. Alikuwa amekonda kama ng'ombe wa Oktoba. Nyuma yake, ndani, hakukuonekana kitu ila vumbi.

Maua akanishika ukosi, akanivuta. Hewa ilikuwa inafika mwisho. Tulipanda taratibu, tukasimama njiani kupumzisha damu kama sheria inavyotaka, na muda wote alikuwa ananionyesha viganja vyake na kujipiga kifuani: nilikwambia, nilikwambia!

Juu tulitokea tunapiga kelele kama watoto. "Yupo! Mzee, yupo! Amenipiga!"

Revocatus alinivuta ndani ya boti, akaangalia mkono wangu mtupu. "Kamera iko wapi?"

"Imeangukia ndani."

Revocatus akawasha mashine.

Nilikaa na Maua mbele ya boti, shavu linavimba. Mtungi uliobaki ulikuwa mmoja tu, na haukujaa. Hakukuwa na kurudi chini siku ile. Nikamnong'oneza, "Ila amekonda, Maua. Amekonda vibaya. Na mle ndani ni vumbi tupu."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuweka mzaha. "Mimi sikumwona mwili, nimeona mdomo unakujia tu. Sikiliza. Wewe sema umemwona kuhe, ukomee hapo. Ukisema amekonda, watasema hiyo ni nyumba ya njaa, na nyavu zitaingia kesho."

Ufukweni watu walikuwa wamekwisha kujaa, bado wamevaa nguo za kanisani. Kina mama wa dagaa, wavuvi, na wazee kwenye viti vya plastiki. Mama Marcelina akasimama, akawasalimia, akasema wamsikilize Tunu. Nikasimama na vazi langu la mpira linalodondosha maji, nikasema nimemwona kuhe kwa macho yangu, na shavu langu ndilo ushahidi.

Baadhi wakapiga makofi. Revocatus akanyanyuka.

"Nimekaa na hawa asubuhi nzima," akasema. "Sijasikia neno lao moja ambalo si utani. Huyu anasema mwenzake ataliwa, yule anasema maji hayajalowa. Picha hawana. Shavu mtu anaweza kugonga kwenye chuma. Mwenyekiti, naomba huyu Mzaramo akae kule kwenye mitumbwi, nimuulize Tunu peke yake. Watani wawili huwezi kuwapima kwenye mzani mmoja."

Maua akafungua mdomo, mama Marcelina akamwonyesha mitumbwi kwa kidole. Akaenda.

Nilibaki peke yangu mbele ya watu wale. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka waniamini. Na nilijua swali litakuja.

"Alikupigaje?" Revocatus akauliza.

"Kwa mdomo. Mara mbili. Usoni na hapa begani."

"Uliporudi nyuma, alikufuata?"

"Hapana. Alibaki mlangoni."

"Alikuwaje?"

Ningeweza kusema mkubwa, wa dhahabu, nikakaa chini. Ilikuwa kweli. Lakini mbele yangu walikaa watu walioacha kuvua mahali pazuri kuliko pote miaka miwili kwa sababu mimi nilisimama nikasema maneno. Mama mmoja wa mstari wa mbele alikuwa na ndoo tupu ya dagaa kati ya miguu yake. Sikuweza kumpa nusu.

"Amekonda," nikasema. "Nisamehe, mzee. Nilitegemea aliyenona. Kichwa kikubwa, tumbo hana. Mgongo umekuwa kisu. Kama ile nyumba ina chakula, yeye hajakipata."

Mnong'ono ukapita. Niliwasikia wataalamu wa mradi wakikata tamaa nyuma yangu. Lakini Revocatus hakugeuka kuwatazama watu wake. Alinisogelea hatua, uso wake umebadilika.

"Na nyuma yake? Ndani?"

"Hakuna kitu. Vumbi."

"Vumbi gani?"

"Vumbi tu, mzee. La kahawia, limejaa chini ya chumba. Nadhani tulilitibua."

"Mlipotulia, likatua?"

Nikafikiri. Nikafumba macho nikaurudia mwanga wa tochi yangu. "Halikutua," nikasema taratibu. "Lilikuwa linakwenda pamoja. Yeye akisogea kushoto, nalo linasogea kushoto."

Yule mama wa ndoo akapiga kigelegele. Sikuelewa. Kikaitikiwa nyuma, kikaitikiwa kwenye mitumbwi, wazee wakasimama kwenye viti vyao, mtu akanikumbatia na maji yangu yote, na mimi nazunguka nauliza, "Nini? Nimesema nini?"

"Watoto," Revocatus akasema. Ilibidi apaze sauti ili nimsikie. "Hilo vumbi ni watoto, binti. Maelfu. Kuhe akishazaa hali chakula tena, yeye na mwenzake. Wanalinda tu. Ukimkaribia anakupiga, ukiondoka hakufuati, kwa sababu hawezi kuwaacha. Anakaa hivyo mpaka wale wadogo wajue kukimbia wenyewe, na yeye nguvu zinakwisha, anakufa. Ungeniambia amenona, ningekwambia umeota."

Nilikaa mchangani. Mtu niliyemtukana kwa matusi yote ya Kanyenye! Nilijishika shavu lililovimba, na nikalia bila aibu katikati ya vigelegele, kwa furaha na kwa kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina.

Maua alikuja anakimbia kutoka kwenye mitumbwi. "Wamekataa? Umewaambia? Nilikukataza mimi, Mnyamwezi una kichwa kigumu wewe!" Watu wanne wakamweleza kwa pamoja, akapiga goti chini, akasema "Lailaha!" akanikumbatia shingo karibu aivunje.

Mama Marcelina akapiga makofi kutaka utulivu. Akauliza nani anataka eneo lifunguliwe. Hakuna mkono ulionyooka. Akauliza nani anataka libaki limefungwa, ikawa msitu wa mikono. Mtaalamu mmoja wa mradi akasema kesho watashuka kuichukua kamera. Nikainuka pale chini na sauti yangu ile ya stesheni: hakuna anayeugusa mlango ule mpaka wenyewe watoke, kamera na ioze. Watu wakacheka, wakakubali.

Walipoanza kutawanyika Revocatus alibaki. Alisimama anaitazama mitungi yetu ya hewa mchangani, mikono nyuma, akaugusa mmoja kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Hii kazi," akasema, "mtu wa umri wangu anaweza kufundishwa?"

Maua akamtazama, akanitazama.

"Nimewavua tangu baba yangu yuko hai," Revocatus akasema. "Wavuni nimewaona, sokoni, kwenye sahani. Sijawahi kumwona hata mmoja akiwa nyumbani kwake."

Maua hakumtania, maana mzee ni Muha, na Muha si mtani wake. Alivua barakoa iliyokuwa inaning'inia shingoni mwake, akaifuta kwa kanga ya mama Marcelina, akampa ajaribu.